Mlinzi wa Nyumba ya Mbao

Sura ya Tano

Siku nne za kumfuata mtu aliyebeba taipureta zilimfikisha Sajenti Bonaventura Tluway kwa mtu aliyebeba cherehani. Alikuwa fundi nguo, mzee wa Singida, aliyeifunga mashine yake ndani ya blanketi jekundu na kuitembeza kutoka Malambo hadi Piyaya akishona kaptura za wanafunzi. Wachungaji waliomwona kwa mbali hawakusema uongo: mtu, blanketi, chuma kizito. Yaliyobaki waliyajazia wenyewe, maana polisi akiuliza sana, mtu huona vibaya kumrudisha mikono mitupu.

Basi alirudi. Lori la maharage lilimshusha njia panda ya Endahaari saa tatu asubuhi, na kilomita tatu zilizobaki akazimaliza kwa miguu yenye malengelenge mapya juu ya yale ya zamani. Landrova ya kituo ilikuwa juu ya mawe tangu Machi ikingoja springi, na hata zingepatikana, mafuta yangetoka wapi? Bonaventura alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa amechoka, na si uchovu wa kulala ukaisha.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Siku kumi na moja zilizopita, mwezi wa Juni wa mwaka huo wa themanini na tatu, Tajewo, mlinzi wa usiku wa ofisi ya kata, alitoweka. Taipureta pekee ya kata ilitoweka siku hiyo hiyo, na dirisha la ofisi likakutwa limevunjwa. Kata ikakata shauri kwamba mlinzi ameiba na kukimbilia Loliondo. Mgambo wakapanda hadi bomani kwake, upande wa Nainokanoka, wakaswaga ng'ombe wake tisa kuja kufidia. Mnada ulikuwa kesho. Kilichopungua ni karatasi moja tu, barua ya polisi yenye saini ya Bonaventura, kwamba mlinzi ni mtoro. Akisaini, ng'ombe wanauzwa. Asiposaini, itabidi aseme mlinzi yuko wapi.

Aliipita mashine ya kusaga ya Katibu Kata, iliyofunguliwa mwezi uliopita. Ilikuwa na kuta za mbao mpya, nzuri, zilizonyooka. Aliziangalia akaendelea na safari yake.

Nyumba ya Mbao ilijitokeza kwenye ukungu kipande kipande, kwanza dohani, kisha paa, kisha baraza ya ghorofa ya juu iliyoinama upande mmoja. Mjerumani aliyeijenga watu walimwita Bwana Kofia. Jina lake la kweli liliondoka naye vita vilipomwondoa. Mitarakwa ya kuta zile iliburutwa na maksai kutoka msituni, na watu wa Mbulu na Singida wakaipasua kwa msumeno wa mkono, mmoja juu, mmoja shimoni. Babu yake Bonaventura alikuwa wa shimoni, akala unga wa mbao miaka miwili na kuukohoa miaka ishirini. Baada ya Bwana Kofia jumba lilipita kwa walowezi wengine, likapita kwa shirika, na vijiji vya ujamaa vilipokuja likawa ofisi ya kata. Sebule ya Mzungu ikawa ukumbi wa mikutano. Humo watu walisuluhishwa, walipimiwa mbolea ya serikali, na walikaripiwa kwa kutochimba vyoo.

Nyuma ya nyumba, kwenye uwanja wa tenisi uliokuwa umezungushiwa miiba, ng'ombe tisa walikuwa wamesimama kwenye matope. Namunyak, mke wa Tajewo, alikuwa amechuchumaa akikamua mmoja wao. Alikuwa na siku tatu pale. Mgambo walimfukuza mara mbili, na mara zote mbili alirudi, mwisho wakachoka wao.

“Takwenya,” Bonaventura alimsalimu.

“Iko.” Alimaliza chuchu aliyokuwa nayo mkononi ndipo akasimama. “Umemwona Tajewo?”

“Sijamwona.”

“Na wale wa Piyaya waliosema wamemwona?”

“Walimwona fundi cherehani.”

Namunyak alitaka kucheka, akaacha. “Mimi nilisema. Tajewo hawezi kubeba chuma mpaka Piyaya. Mgongo wake mbovu, dume lilimrusha zamani. Tajewo akibeba debe moja la maji nasikia malalamiko yake mpaka jioni.”

“Yule konstebo aliyekuhoji ulimwambia hilo?”

“Hakuuliza mgongo. Aliuliza ndugu zake wa Loliondo.” Aliufunika mdomo wa kibuyu. “Ndama wamebaki nyumbani, wananyonya kwa jirani. Watoto pia. Kesho mnachukua hawa?”

“Wanangoja saini yangu.”

“Basi usiandike.”

“Lazima niandike kitu, Mama Seenoi.”

“Andika kwamba Tajewo atarudi,” alisema, kisha akahamia kwa ng'ombe wa pili.

Katibu Kata, Ndugu Hilari, alikuwa akimngoja barazani. Alivaa suti ya Kaunda iliyopigwa pasi, na mfukoni alipanga kalamu nne. Siku zile ambazo kipande cha sabuni kilifichwa kabatini na kufungiwa kwa ufunguo, yeye alikuwa msafi.

“Saita, ndugu yangu,” alisema Kiiraqw, kisha akarudi kwenye Kiswahili cha ofisini. “Pole na safari. Barua nimekuandalia. Kwa mkono, ndiyo hali yetu sasa. Weka saini tu, ukapumzike.”

“Nitaweka nikishaiona ofisi.”

“Lakini mlishaiona.”

“Aliiona konstebo. Mimi mlinituma Piyaya.”

Hilari alitabasamu. Alikuwa na meno mazuri. “Karibu, basi. Nyumba ni ya wananchi.”

Bonaventura hakuingia mara moja. Njia ya kutoka lango hadi ngazi ilipangwa mawe pande zote mbili, kama kila ofisi ya serikali. Mawe kumi na moja ya kwanza yalikuwa meupe. Mengine yote, themanini na zaidi, yalikuwa ya kijivu. Mijakaranda miwili ilikuwa imepakwa chokaa hadi kiunoni, wa tatu nusu, kana kwamba mpakaji aliitwa akaacha brashi palepale.

“Mwenge wa Uhuru unafika lini?”

“Jumatano. Tuna kazi kubwa.”

“Na mawe?”

“Chokaa imekwisha, ndugu. Hali ya nchi unaijua.”

“Mlipewa ngapi?”

“Magunia manne,” alisema Hilari, na Bonaventura akaandika kwenye daftari lake. Magunia manne yangetosha kupaka mawe yale, mijakaranda yote, shule, na kanisa la Kilutheri likiwa halijaomba. Alilifunga daftari. Kwenye kazi hii alikuwa amejifunza kwamba mtu ukimwonyesha unachokijua, anakiondoa mezani.

Alizunguka nyumba. Upande wa magharibi nyuki walikuwa wamejenga ndani ya ukuta, wakiingia na kutoka kwenye ufa, na ndiyo maana hakuna karani aliyekubali kukaa chumba kile. Mfereji wa bati ulishuka kutoka paani, ukafika chini, ukaingia chini ya nyumba. Alitafuta tangi nje, hakuliona. Alipiga magoti, magoti yakalalamika, akachungulia katikati ya nguzo za mawe. Bomba lilikwenda moja kwa moja katikati ya nyumba, likaishia kwenye ukuta wa duara uliojengwa kwa mawe.

“Maji ya mvua yanakwenda wapi?” aliuliza aliposimama.

“Mambo ya Wazungu hayo. Hatuyatumii.”

Ndani kulinuka oili chafu. Kila nyumba ya mbao hunuka hivyo, kwa ajili ya mchwa, lakini hapa harufu ilikuwa kali hadi macho yakamwasha. Dirisha la ofisi lilikuwa limezibwa kwa kadibodi. Bonaventura alilitazama muda mfupi.

“Mlinzi alikuwa na funguo?”

“Zote alikuwa nazo.”

“Akavunja dirisha kwa nini?”

“Mwizi ana akili zake.”

“Naona,” alisema Bonaventura.

Wakaingia ukumbini. Kulikuwa na mahali pa kuotea moto panapoweza kuingia ndama mzima, picha mbili za viongozi, na mabenchi. Kwenye mwimo wa mlango mistari midogo ya penseli ilipanda hatua kwa hatua, watoto wa Bwana Kofia walivyokuwa wakipimwa urefu. Meza ndefu ya mikutano, ambayo katika kila ofisi aliyoijua iliwekwa mbele ya picha, hapa ilisukumwa mbali na picha, ikakaa peke yake katikati ya ukumbi. Kuizunguka, sakafu ilikuwa imekoza rangi, pembe nne kamili, tofauti na mbao nyingine zilizopauka kwa jua.

“Palikuwa na zulia?”

“La zamani sana. Lilichakaa, tukalitupa.”

“Nisaidie meza.”

“Ndugu Sajenti, umechoka. Kunywa chai kwanza.”

“Nisaidie meza, Ndugu Katibu.”

Waliisogeza. Bwana Kofia hakutumia misumari, kwa ubahili au kwa ufundi, nani ajuaye. Sakafu yote ilishikwa kwa vigingi vya mbao, vimelainika kwa miguu ya miaka hamsini. Chini ya meza palikuwa na mbao sita zenye vichwa vya misumari vinavyong'aa. Bonaventura aligusa mojawapo. Oili ilimshika kidole.

“Mlitengeneza lini?”

“Mwezi wa tano. Mchwa walikuwa wamekula.”

“Na fundi?”

“Yohana, mhudumu wetu. Anajua kila kitu.”

Bonaventura alijifuta kidole kwenye pindo la koti. Oili ya mwezi wa tano huwa imeshakauka, hata kwa baridi ya Oldeani. Aliomba chai ile, akaomba ainywe jikoni, na Katibu akakubali kwa haraka ya mtu aliyefurahi kutoka chumbani.

Yohana alikuwa akichochea kuni. Alikuwa Mmasai wa makamo, mkristo, mwenye koti la ofisi juu ya shuka, na masikio yaliyotobolewa akayakunja juu ili yasionekane. Yeye na Tajewo walikuwa rika moja. Yohana ndiye aliyemwombea mwenzake kazi ile ukame ulipomaliza ng'ombe wengi, na kila jioni walikabidhiana funguo. Alimwekea sajenti kikombe. Hakukuwa na sukari, na hakuna aliyeomba radhi.

Bonaventura alifungua jalada juu ya goti. “Tutarudia maelezo yako kidogo. Ni utaratibu tu. Jina la mlinzi wa usiku?”

“Si liko hapo, afande?”

“Mtoa maelezo anataja mwenyewe.”

“Ni huyo wa usiku. Mwenzangu.”

“Ana jina.”

“Katibu analo kwenye daftari la wafanyakazi,” Yohana alisema, akageukia moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

Bonaventura alisoma yale maelezo ya siku ya kwanza. Konstebo aliyaandika saa nne asubuhi, saa chache baada ya taarifa, wakati kata nzima ilikuwa bado inamwita mlinzi barabarani na kwenye mashamba ya kahawa. Ukurasa mmoja na nusu. Huyo mlinzi. Huyo mtu. Yule tuliyekuwa naye kazini. Jina la Tajewo lilionekana mara moja tu, pembeni, kwa mwandiko wa konstebo na kwa wino mwingine. Kijana alikuwa amelijaza mwenyewe baadaye ili fomu isikataliwe Karatu.

Sajenti alikuwa amekaa Malambo, kwa Wamasai, miaka sita. Mwaka wake wa kwanza alisimama barazani na orodha ya watu wa kupewa mahindi ya njaa, akasoma kwa sauti jina la mzee aliyezikwa wiki iliyopita. Watu walisimama mmoja mmoja wakaondoka. Alidhani wanaidharau serikali, akataka kuwaweka ndani. Mwenyeji wake ndiye aliyemwelimisha jioni: aliyekufa haitwi jina. Ukilitaja mbele ya watu wake umewapiga. Tangu siku hiyo, kabla ya kusoma orodha yoyote, aliuliza kwanza nani amefariki.

Mke wa mlinzi alikuwa amelitaja jina mara nne wakati anakamua ng'ombe mmoja.

“Yohana,” alisema, akalifunga jalada. “Simama hapo mlangoni.”

Yohana alisimama. Kutoka mlangoni uwanja wa tenisi ulionekana, na Namunyak mgongo wake umewageukia.

“Sasa mwite mwenzako. Kwa jina, mara moja. Kwa sauti, kama unamwita aje kunywa chai. Ukimwita tu, mimi naingia ndani, nasaini barua, na hakuna mtu atakuuliza swali tena.”

“Na ng'ombe?”

“Wataenda mnadani. Mtoro ndiyo malipo yake.”

Yohana aliushika mwimo. Alifungua mdomo. Kule uwanjani Namunyak alikuwa anamsemesha ng'ombe kwa sauti ya chini, na mlio wa maziwa kwenye kibuyu ulisikika hadi jikoni. Bonaventura alikunywa chai yake. Ilikuwa chungu. Alijichukia kidogo kwa alichokuwa anakifanya, lakini hakukiacha.

“Afande, usinifanyie hivi.”

“Ni jina tu.”

“Yule mama atasikia.”

“Ndiyo, na atafurahi. Yeye analitaja siku nzima.” Bonaventura aliweka kikombe chini. “Asubuhi ile kila mtu alisema katoroka. Mkewe anamngoja hadi leo. Wewe peke yako, saa nne asubuhi, ulikuwa umeshaacha kumwita jina. Nani alikuambia amekufa?”

Yohana alikaa chini sakafuni, pale pale kizingitini. Alipoanza kusema hakunyamaza tena.

Mwaka jana kata ilipewa mbao kumi na mbili za kutengeneza sakafu ya ukumbi, iliyoliwa na mchwa juu kabisa ya tangi la maji la Mzungu. Mbao zilikwenda kwenye mashine ya Katibu. Wageni wa Mwenge walipokaribia, Katibu alisema funika pale kwa zulia, weka viti pembeni, watu wasikanyage. Yohana alilichukua zulia lililotandikwa hapo zamani, kisha likakunjwa kwa ajili ya panya, akalitandika. Jioni akakabidhi funguo.

“Nilimwambia habari ya nyuki. Nilimwambia taa haina mafuta. Habari ya zulia sikumwambia.” Alizungumza akitazama mikono yake. “Nilisahau, afande. Mimi ndiye nililitandika, na nilisahau.”

“Ulimkuta asubuhi?”

“Zulia lilikuwa limeingia shimoni. Nikashuka kwa kamba. Alikuwa amepoa zamani. Nikamwita Katibu.”

“Akasema nini?”

“Akasema wewe ndiye umeua, wewe uliweka mtego. Akasema kwenu fidia ya mtu ni ng'ombe arobaini na tisa. Mimi nina wanne. Yeye ndiye aliyeleta taipureta, akaiangusha humo. Akavunja dirisha. Akasema leta chokaa.”

“Yote?”

“Yote. Konstebo alipokuja ukumbi ulikuwa umefungwa, na usiku tukaleta mbao zilizosalia kwake. Sita tu. Alisema sita zinatosha.”

“Na ng'ombe wa mjane walipoletwa hapa, ulifanya nini?”

Yohana alikuwa anawachotea maji, Bonaventura alikuja kujua baadaye, madebe kumi na mawili kila asubuhi, na wala hakuwahi kumtazama mwenye ng'ombe usoni.

Mtaimbo ulikuwa nyuma ya mlango wa jikoni. Bonaventura aliubeba begani hadi ukumbini, Yohana nyuma yake. Hilari alikuwa amerudisha meza mahali pake peke yake, na jasho lilikuwa limemtoka. Barua ilikuwa juu ya meza, kalamu pembeni.

“Ndugu Katibu, isogeze tena.”

“Hiyo ni mali ya umma. Huwezi kuvunja ofisi ya kata bila kibali cha wilaya.”

“Nitaomba kibali kesho.”

“Sajenti, sikiliza. Sisi ni watu wa nyumbani.” Hilari alishusha sauti. “Yule mtu alianguka mwenyewe. Hakuna aliyemsukuma.”

Bonaventura aliusimamisha mtaimbo sakafuni. “Sijang'oa hata msumari mmoja.”

Katibu aliangalia mtaimbo, akamwangalia Yohana, akaelewa. Alivuta benchi akakaa. Hakuonekana mtu mbaya. Alionekana karani ambaye hesabu zake zimekataa, na hilo lilimkera Bonaventura kuliko kama angepigana.

“Wageni wangeuliza mbao ziko wapi,” Hilari alisema. “Siku chache tu, Mwenge upite. Halafu ningetafuta namna. Mjane ningemsaidia.”

“Kwa kumuuzia ng'ombe wake.”

“Ilibidi ionekane tumechukua hatua.”

Bonaventura alimwomba zile kalamu nne, mkanda, na funguo, akaviorodhesha kwenye daftari kimoja kimoja, kwa sababu ndivyo inavyotakiwa na kwa sababu mikono yake ilihitaji kazi. Kisha yeye na Yohana wakang'oa mbao. Misumari mipya ilitoka kwa urahisi. Ubao wa pili tu ulipotoka, ubaridi ulipanda kutoka chini, na harufu ambayo oili ilikuwa imefanya kazi siku kumi na moja kuizuia. Kwenye ubao wa nne aliwasha tochi. Chokaa ilikuwa imeganda kama uji uliolala. Upande mmoja ilijitokeza pembe ya taipureta, na upande mwingine upindo wa shuka nyekundu.

Alizima tochi. Betri zilikuwa adimu, na alikwisha kuona cha kutosha kuandika.

Alimtuma karani kwa baiskeli hadi njia panda, akapige simu misheni, wapeleke habari kituoni. Mgambo wawili, wale wale waliowaswaga ng'ombe, aliwasimamisha mlangoni wamlinde Katibu wao, nao wakasimama bila kujua watazame wapi. Yohana hakuomba kukimbia. Aliomba jambo moja.

“Mke wake. Nani atamwambia?”

“Wewe rika lake.”

Yohana alitikisa kichwa. “Nikimfikia nitaanguka.”

Bonaventura aliivaa kofia yake na kutoka. Ukungu ulikuwa umeinuka, jua limetoka dogo, la baridi. Njiani alipanga maneno. Alikuwa amefanya kazi hii miaka ishirini na saba, na karibu kila mara alipeleka habari mbaya ikiwa tupu. Leo walau alikuwa na kitu mkono wa pili. Ng'ombe tisa, jina safi, na watoto watakaokunywa maziwa. Alijiambia kwamba si haba.

Namunyak alikuwa amemaliza kukamua. Alikuwa akimkuna jike mmoja mweusi chini ya shingo.

“Mama Seenoi. Mume wako hakutoroka.”

“Nilikuambia.”

“Wala hakuiba. Taipureta tumeipata humo ndani, wao ndio waliificha.” Alikuwa anakwenda haraka mno, akapunguza. “Sakafu ilikuwa mbovu. Waliifunika, wasimwambie. Alikuwa kazini kwake, anatembea kwenye lindo lake, ikavunjika. Yuko chini ya nyumba. Yuko pale tangu usiku ule.”

Namunyak aliendelea kumkuna ng'ombe. Mkono ulikwenda na kurudi, polepole, kisha ukabaki mahali pamoja.

“Ng'ombe ni wako,” Bonaventura alisema. “Barua sisaini. Nitaandika nyingine, kwamba alikuwa mtu mwaminifu. Hawa hawaendi mnadani. Unaweza kuwafungua sasa hivi, ukawapeleka nyumbani.”

Namunyak aliuliza, “Umemwona kwa macho?”

“Nimemwona.”

Alikwenda penye lango la uwanja, akaondoa miiba kwa mikono mitupu, tawi baada ya tawi, na Bonaventura akafikiri anafungua njia ya kwenda Nainokanoka. Akasogea kumsaidia. Lakini Namunyak alimshika yule jike mweusi pembe, akamvuta hadi mbele ya sajenti, akampa ile pembe mkononi.

“Chukua,” alisema. “Nenda nao huko mnadani. Nenda nao wote.”

“Hujanielewa, mama. Hakuiba. Hudaiwi kitu.”

“Nimeelewa.” Sauti yake ilikuwa ndogo, ya mtu anayebembeleza bei. “Wewe ndiye unaandika. Andika aliiba. Andika amekimbia, yuko Loliondo, ana mke mwingine huko. Mimi sitakataa. Chukueni ng'ombe wote, mniachie yeye awe mwizi.”